Sahani ya Siku Tatu

Kwenye rafu palikuwa na mraba usio na vumbi.

Wayua aliuona kabla hajaketi. Rafu ilikuwa nyuma ya kiti cha Githinji, na vumbi jekundu la Gitothua, Ruiru, lilikuwa limelala juu yake kila mahali: juu ya mafaili, juu ya kikombe cha kalamu, hata juu ya picha ya harusi. Ila kwenye kona, pale waya wa umeme ulipoishia bila kushikana na kitu, mahali pa ukubwa wa Biblia palikuwa safi.

Alifungua daftari akachora mraba. Kisha akaketi nyuma kidogo ya Mzee Gachau, mahali ambapo watu walizoea kumsahau.

"Tuanze tena," Gachau alisema. Alikuwa amefanya upelelezi wa polisi miaka ishirini na sita, na sasa alikuwa na ofisi yake Thika, juu ya duka la mbolea, na magoti mabovu. "Leo ni Ijumaa. Jumatatu asubuhi Mutinda, mwendesha mashine wa kiwanda, anasimama mahakamani. Ng'ombe kumi na tisa walikufa Gatuanyaga, wote wamekula dairy meal, chakula cha ng'ombe wa maziwa, iliyotoka kwenye mashine yake Jumatano ya tarehe kumi na mbili, wiki tatu zilizopita. Yurea, ambayo ikizidi ni sumu, ilikuwa mara kumi ya inayotakiwa. Polisi wanasema aliimwaga kwa mkono kwa sababu alinyimwa likizo. Mutheu, mkewe, aliyenituma, anasema ni mashine. Na mashine inafuata maagizo yenu. Kwa hiyo nionyeshe maagizo ya siku ile."

"Mzee wangu, nimekuambia. Hiyo code hatuiweki."

"Sema Kiswahili. Huyu anaandika."

Githinji alimwangalia Wayua kama mtu aliyegundua kuna kiti cha tatu. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi vizuri, kampuni yake yote ikiwa vyumba viwili juu ya duka la dawa.

"Sawa. Maagizo ya mashine hatuyaandiki sisi. Kiwanda kinatupa jedwali: pumba kiasi hiki, mashudu kiasi hiki, yurea kilo kumi kwa tani. Jedwali hilo tunaipa programu inayoitwa jenereta. Jenereta ndiyo inaandika maagizo. Mistari elfu nne kwa sekunde tatu."

"Na lile ghala lenu mnalosema linakumbuka kila kitu?"

"Linaitwa Git. Linakumbuka tunachoweka. Nani amebadilisha, lini, amebadilisha nini. Jedwali limo. Kila tulichoandika kwa mkono kimo. Kilichoandikwa na jenereta hakimo, na hakitaingia. Hiyo ni sheria yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni uchafu." Githinji aliinua vidole. "Ukibadilisha nambari moja kwenye jedwali, mistari elfu moja inageuka. Nani ataisoma? Watu wawili wakifanya kazi siku moja, ghala linawagombanisha kwa vitu ambavyo hakuna aliyeviandika. Halafu kuna yule mjanja ataona kosa, atalirekebisha kwa mkono palepale kwenye kilichozalishwa. Kesho tukizalisha upya, rekebisho limepotea na hajui limekwenda wapi. Mzee, wewe nyumbani unaweka unga. Kuna siku umefungia ugali kwenye kabati?"

"Sijafungia."

"Si unga upo? Na sufuria ipo? Ukitaka ugali, unapika."

"Basi pika."

Githinji alitabasamu, akageuza kompyuta yake waone. Alitafuta jedwali la tarehe kumi na moja, siku ya mwisho kabla ya ile Jumatano, akaonyesha jina na saa. Akabonyeza. Mistari ilimwagika kwenye kioo kama mtama unaomwagwa. Aliposimamisha kidole, kilikuwa kwenye nambari.

"Mia moja. Mashine inahesabu yurea kwa vipande vya gramu mia. Vipande mia moja ni kilo kumi. Umeona? Safi. Mtu wenu alimwaga."

"Nimeona ugali wa leo," Gachau alisema. "Mimi nimeuliza wa tarehe kumi na mbili."

"Ni ule ule!"

"Hiyo jenereta ni yenu?"

"Inatoka kwa watu wa ng'ambo. Tunaivuta mtandaoni."

"Ile ya siku ile ndiyo hii ya leo?"

"Inajisasisha yenyewe. Lakini kazi yake ni ile ile, mzee. Sufuria ni sufuria."

Wayua alipiga mstari chini ya neno *inajisasisha*. Alikuwa ameacha shule darasa la sita, na mwandiko wake ulikwenda polepole, kwa hiyo alikuwa amejifunza kuandika tu yale ambayo mtu anayasema haraka. Alisukuma daftari hadi kwenye goti la Gachau, kidole kikiwa juu ya mraba.

Gachau aliangalia daftari, kisha rafu.

"Pale palikuwa na nini?"

Githinji hakugeuka kuangalia. "Wapi? Ah. Router. Iliungua."

Ukutani, juu ya mlango, kifaa cha intaneti kilikuwa kinapepesa taa zake. Plastiki yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa uzee.

"Na ile?"

"Ile ni nyingine. Mzee, nina mkutano."

"Nani alipeleka maagizo kiwandani tarehe kumi na moja?"

"Mfanyakazi wangu. Ngendo. Aliacha kazi. Na nambari yake siwezi kutoa bila wakili." Githinji alisimama. "Muulizeni Mutinda wenu. Mnatesa watu bure."

Nje, Gachau alishuka ngazi akishikilia ukuta, akihesabu matusi ya Kikuyu kwa sauti ya chini.

"Ameificha," alisema alipofika chini. "Hiyo kitu ya kwenye rafu ameificha yeye. Umeona alivyojibu? Hata hakugeuka."

Wayua aliupitishia mraba kalamu mara ya pili.

*

Kiwandani Thika waliyemtaka alikuwa Mwangangi, fundi wa umeme, mtu mnene aliyekuwa anaangalia nyuma kila baada ya sentensi. Aliwapeleka hadi kwenye mashine ya kuchanganya. Ilikuwa pipa kubwa la chuma lililolala, lenye mabomba manne juu. Kando ya bomba dogo palikuwa na pipa la bluu la yurea, na juu yake taa nyekundu.

"Pipa likikaribia kuisha, taa inawaka, Mutinda anajaza," Mwangangi alisema. "Kwa kawaida anajaza mara moja kwa siku. Siku ile iliwaka, iliwaka, iliwaka. Nilikuwa hapa. Alimwita meneja. Akamwambia, boss, hii mashine leo ina njaa ya yurea. Na tena magunia yanazidi, kila mzunguko unatoa gunia moja na zaidi juu ya kawaida."

"Meneja akasema nini?"

"Akafurahi kwa magunia! Akasema mashine haikosei, ikitaka mpe."

"Utaandikisha hayo kama taarifa?"

Mwangangi aliangalia nyuma. "Mzee, nina watoto wanne. Hayo nimekuambia wewe. Sijamwambia mtu mwingine."

Gachau alivuta pumzi. "Mutinda mwenyewe alibeba masalio ya kufagia akampelekea ng'ombe wake. Ng'ombe akafa. Mtu gani anambebea ng'ombe wake sumu?"

"Polisi wanasema alijisahau."

"Polisi wanasema. Na maagizo yaliyokuwa ndani ya mashine siku ile?"

"Yalifutwa. Alhamisi mashine ilizimwa, na Ijumaa, siku mbili baada ya ile Jumatano, meneja alipiga simu kwa Githinji, Ruiru, akasema waje wapakie upya, tuwe salama. Mapya yakakaa juu ya yale ya zamani."

"Hakuna nakala?"

"Ya maagizo, hapana. Ya chakula ndiyo, njoo uone."

Kwenye chumba kidogo kando ya mizani palikuwa na rafu zilizojaa makopo ya plastiki yenye vifuniko, kila kopo na tarehe yake. Kila siku kiwanda kilichukua kilo moja ya walichotengeneza, wakaifunga, wakaiweka miezi mitatu. Kopo la tarehe kumi na mbili halikuwepo. Lilikuwa kwa polisi, na ndilo lililopimwa.

Wayua alisimama mbele ya makopo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nini?" Gachau aliuliza.

"Jikoni pia tulikuwa tunaweka," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo hivi kwamba Mwangangi aliinama kusikia. "Pale shule ya bweni, nilipokuwa naosha vyombo. Kila chakula, sahani moja inawekwa kwenye friji siku tatu. Ili mwanafunzi akiugua, bwana afya ajue alikula nini."

"Hata kama unga upo stoo?"

"Unga haukuuguza mtu. Kilichouguza ni kile kilichopikwa siku ile."

Gachau alimwangalia. Alikuwa hajawahi kumsikia akisema sentensi tatu mfululizo. "Iliwahi kuhitajika, hiyo sahani?"

"Mara moja."

"Ikasaidia?"

"Haikuwepo."

Gachau alingoja aendelee. Wayua alifunga daftari.

Langoni, Gachau aliomba kitabu cha wageni. Mlinzi alikitoa bila maswali. Kila aliyeingia aliandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, saa, na kifaa chochote alichobeba, kwa sababu wageni waliwahi kutoka na kompyuta za kiwanda. Wayua alifuata safu kwa kidole. Hakuharakisha. Tarehe kumi na nne: Githinji, *laptop moja, ya kijivu*. Alirudi nyuma. Tarehe kumi na moja: Ngendo, saa nne na robo. Kifaa: *kompyuta ndogo nyeusi, kama boksi, haina kioo.*

Alifungua daftari lake kwenye ule mraba, akaliweka kando ya kitabu.

"Ehe," Gachau alisema taratibu. "Kwa hivyo maagizo ya Jumanne hayakutoka kwenye laptop ya Githinji. Yalitoka kwenye hii. Ilikuwa inakaa pale kwenye kona." Kisha uso wake ukakunjamana tena. "Na ameiuza. Au ameitupa mtoni Ndarugu. Kila mlango tunaofungua leo, mtu amekwisha kupiga deki. Nimechoka, Wayua. Nimechoka na watu wasafi."

Wayua alikuwa amekwisha kunakili nambari ya simu ya Ngendo.

Walikata kupitia Makongeni kwenda stejini kupanda matatu. Kwenye kona ya soko, mwanamke aliyekuwa akikatakata sukuma wiki aliinua kisu hewani.

"Wayua! Mwana wangu! Unapita hivyo hivyo kama upepo?"

"Shikamoo, Mama Kaveke."

"Shikamoo nile? Njoo hapa." Alijaza mfuko sukuma iliyokatwa, akaongeza mkono mmoja, akaongeza mwingine. Wayua alitoa sarafu, mwanamke akazirudisha kwa kumkunja vidole. "Wewe? Wewe nilikulea kwenye sinki. Mzee, huyu usimwone amenyamaza, ni mtoto mzuri sana."

"Namwona," Gachau alisema.

Wayua alishukuru huku macho yake yakiwa kwenye mfuko. Waliondoka, yeye mbele, haraka, hata Gachau na magoti yake akaachwa.

"Mama anakupenda hivyo na wewe unamkimbia?" alimuuliza alipomfikia.

Wayua alihamishia mfuko mkono wa pili, akazidi kukaza mwendo.

*

Ngendo alikaa na mama yake Githurai 45, ghorofa ya tatu, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mama alikuwa sokoni akiuza nguo anazoshona. Saa tisa mchana jua lilikuwa linaingia lote kwa dirisha moja. Ngendo aliwakaribisha kwa heshima, akawapa viti viwili vya plastiki, yeye akaketi kitandani. Alikuwa msichana mrefu, nywele amezifunga kwa kitambaa, macho ya mtu asiyelala vizuri.

"Aki mzee, mimi nimeshaacha hiyo kazi."

"Kwa nini uliacha?"

"Nilichoka."

"Na maagizo ya tarehe kumi na moja?"

"Nilizalisha, nikapakia, nikajaribu kama mashine inazunguka, iwe tayari kwa kazi ya kesho yake, nikaenda. Sheria ya ofisi. Kilichozalishwa hakiwekwi."

"Wewe ulikubaliana na sheria hiyo?"

Hapo Ngendo alicheka, kicheko kibaya. "Mimi? Muulize Githinji tulivyogombana. Nilimwambia, hiki ndicho kinachoingia kwenye mashine, si jedwali. Mashine haijui jedwali. Mara mbili nikaviweka kwenye ghala, mara mbili akavitoa mbele ya watu wote. Akasema nachafua ghala kama kuku. Akaniita Ngendo Kuku mwezi mzima."

"Na alikuwa na makosa?"

"Si yote. Ni kweli ghala linavimba. Ni kweli hakuna anayesoma mistari elfu nne, na ukikuta watu wamezoea kuruka wasichosoma, siku moja wataruka na kilicho cha maana. Hapo alikuwa na haki. Lakini jawabu lake lilikuwa, tutazalisha tena itakuwa ile ile. Itakuwa ile ile kama jenereta imefungwa isibadilike. Yetu haikufungwa. Kila asubuhi inaweza kuwa nyingine."

"Kompyuta ndogo nyeusi iko wapi?"

Ngendo alikaza kitambaa chake cha kichwani.

"Githinji ameificha?"

"Githinji?" Alionekana kushangaa kweli. "Githinji anadhani imeibiwa. Anaogopa kiwanda kijue imepotea na vitu vyao ndani. Niliichukua mimi."

Gachau alikaa wima. Nusu ya siku yake, yote aliyokuwa amejenga juu ya Githinji, ilianguka pale. Aliiacha ianguke.

"Endelea."

"Baada ya kunikataza, nikawa naweka kwa siri. Mule ndani, kwenye ghala langu mwenyewe. Kila nilipopakia mashine yoyote, nakala moja, tarehe yake. Nilikuwa nangoja siku moja nimwonyeshe kuwa sikuwa mjinga. Halafu nikasikia ng'ombe wamekufa Gatuanyaga." Alikuwa anakunja na kukunjua shuka. "Nikaichukua nikaja nayo hapa. Nikafuta."

"Ulifuta."

"Nilifuta yote."

Gachau aliinamisha kichwa, akajisugua macho kwa vidole viwili. "Na wewe umepiga deki," alisema. "Basi. Tumemaliza."

Wayua hakuwa akimwangalia Ngendo. Alikuwa akiangalia chini ya meza ya cherehani, ambapo leso ilikuwa imefunika kitu chenye pembe nne. Kupitia leso, mahali pamoja, palikuwa na nuru ya kijani ndogo kama punje ya dengu.

"Inawaka," Wayua alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Dada, wiki tatu inakula tokeni," alisema, akiangalia chini. "Mama anashona kwa umeme wa kununua. Kama umefuta yote, inawashiwa nini?"

Chini barabarani kondakta alikuwa akiita watu wa Ruiru kwa sauti iliyokwaruza.

"Sikufuta," Ngendo alisema mwishowe. "Kila siku nafungua nifute. Kila siku nashindwa."

Alipiga magoti, akatoa leso, akaunganisha ile kompyuta na televisheni ya mama yake. Wayua alimsogezea kiti Gachau karibu. Kioo kikagawanyika mara mbili. Upande mmoja maagizo ya tarehe saba, upande wa pili ya tarehe kumi na moja. Karibu yote yalifanana. Palipotofautiana, upande mmoja ulikuwa mwekundu na mwingine kijani. Ngendo aliteremka, akateremka, akasimama.

Wayua hakujua Kiingereza cha pale. Nambari alizijua. Nyekundu ilisema mia moja. Kijani ilisema elfu moja.

"Kilo mia kwa tani," Gachau alisema kwa sauti ya chini.

"Jedwali linasema kumi. Mashine inataka vipande vya gramu mia, kwa hiyo sisi tuna mstari wetu wa kuzidisha kwa kumi kabla jenereta haijaandika. Toleo la wiki ile la jenereta lilianza kuzidisha lenyewe, na sisi hatukujua. Likazidisha, na mstari wetu ukazidisha tena. Waliolitengeneza waliliondoa mtandaoni baada ya siku mbili, watu wakilalamika. Ndiyo maana Githinji akizalisha leo inatoka safi." Alinyoosha kidole kwenye kijani. "Yurea peke yake ndiyo hupita kwenye bomba dogo, linalohesabu kwa vipande. Vingine vyote vilibaki sawa. Unga ni ule ule, mzee. Sufuria ndiyo ilibadilika."

Kando ya kila nakala palikuwa na jina, tarehe na saa. *Ngendo. Tarehe kumi na moja. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi.* Kama saa moja na nusu kabla hajaandika jina lake langoni mwa kiwanda.

Gachau alitoa fomu za taarifa kutoka kwenye mkoba. "Sasa tuandike."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Chukueni kompyuta. Bebeni. Jina langu hapana." Ngendo alirudi kitandani, akavuta magoti kifuani. "Mimi ndiye niliyebonyeza. Mimi ndiye niliyepakia. Sikuangalia nambari moja. Nikiandika, Jumatatu Mutinda anatoka na mimi naingia."

"Haiwi hivyo."

"Unaniahidi?"

Gachau alikuwa mzee mkali lakini hakuwa mwongo. "Siwezi kukuahidi. Naweza kusimama na wewe, na wakili ninaye. Lakini sikia. Kompyuta bila mtu ni chuma. Mwendesha mashtaka atasema tuliandika sisi jana. Lazima aliyeiweka aseme, hii niliiweka mimi, siku ile, kwa mkono huu."

"Basi akae ndani. Mimi simjui."

"Ana watoto..."

"Kila mtu ana watoto!" Alikuwa analia sasa, kwa hasira. "Mnakuja na watoto wa watu. Ni nani amewahi kunyoosha mkono akasema ni mimi, huku hakuna aliyekuwa akimshuku? Nitajie mmoja. Wewe mzee wa polisi, miaka yote hiyo, nitajie mmoja."

Gachau alitafuta. Wayua alimwona akitafuta. Fomu zilikuwa tupu kwenye goti lake, na kwenye televisheni ile nambari ya kijani ilikuwa imesimama tu. Jumatatu ilikuwa mbali siku mbili na nusu.

Wayua alisimama. Alichukua daftari lake na kalamu, vitu ambavyo hakuwahi kumpa mtu, akaviweka mikononi mwa Gachau.

"Mzee, andika wewe," alisema. "Andika yangu kwanza. Halafu yeye ataona kama anaweza."

"Yako gani?"

Alibaki amesimama, mikono ameishika mbele, kama wanafunzi walivyosimama zamani alipokuwa nao darasani.

"Mimi naitwa Wayua. Nilikuwa naosha vyombo jikoni shule ya bweni, nikiwa na miaka kumi na tano. Jumapili moja niliambiwa nisafishe friji kwa sababu wageni wanakuja. Ndani palikuwa na sahani ya maharagwe ya Jumamosi, imefunikwa. Niliona inachafua friji."

Gachau alikuwa ameacha kuandika.

"Andika, mzee. Jumatatu wasichana thelathini waliugua. Bwana afya akaomba sahani, haikuwepo. Wakasema mpishi ameificha, ndiye aliyewapa sumu. Alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi ile. Walimweka ndani wiki mbili, kisha wakamfukuza, na leo anauza sukuma Makongeni, na kila nikipita ananiongezea. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki, nikiwasikia."

Ngendo alikuwa ameinua uso.

"Mama Kaveke hakuficha sahani," Wayua alisema. "Niliiosha mimi."